Mashine ya Kwanza ya Gemu kwa Mtoto Mdogo



Usiku wa Jumatano iliyopita, darsa ilipokwisha na vikombe vya kahawa vilipokuwa vikizunguka, ndugu mmoja wa mtaani kwetu alingoja watu wapungue ndipo akaleta suala lake. Ana mtoto wa kiume wa miaka sita. Ami yake mtoto yuko kazini Dubai, naye atakuja nyumbani mwezi ujao. Amepiga simu kuuliza amletee mtoto mashine gani ya gemu, maana madukani huko zimejaa za kila namna na yeye hazijui. Yule ndugu akasema: "Sheikh, niambie alete ipi, au niambie asilete kabisa, nami nitamjibu vivyo hivyo."

Kabla ya kumjibu tulimuuliza: Mtoto huyu hivi sasa anacheza wapi? Akainama kidogo, kisha akasema kwamba mara mbili amemkuta katika kibanda cha gemu wakati wa kutoka chuoni, juzuu iko kwapani, amesimama nyuma ya wavulana wakubwa akitazama mchezo wa watu wanaopora magari na kupigana risasi barabarani. Mchezo huo twaujua. Jina lake ni Grand Theft Auto V, ulitoka mwaka 2013, na huko Ulaya umepigwa alama ya 18, yaani haumfai mtu ambaye hajatimiza miaka kumi na minane. Basi mtoto wa miaka sita amekwisha ingia katika mambo haya kwa mlango wa nyuma, na baba yake angali akishauriana kama amfungulie mlango wa mbele. Ndiyo sababu tumeona jawabu tuliyompa tuiandike hapa, kwani hapana shaka wazazi wenye suala hili ni wengi, ila wengine huona haya kuliuliza mbele ya watu.

Wako watakaotuandikia kwamba ukurasa huu si mahali pa maneno ya michezo. Twawakumbusha kwamba wazazi wetu nao walitugombeza kwa tiara na gololi, wala hatukuacha kucheza. Tulichofanya ni kwenda kucheza mbali na macho yao. Sisi tuliozaliwa katika miaka ya 1980 tuliziona zile mashine za kanda zilizofungwa kwenye televisheni, na nyumba iliyokuwa nayo ilijaa watoto wa mtaa mzima tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi. Chombo hiki si kigeni kwetu. Kilichobadilika ni yale yaliyomo ndani yake.

Asili yake kwa ufupi ni hii. Mashine ya kwanza ya kuchezea nyumbani kwa televisheni iliuzwa Marekani mwaka 1972, ikaitwa Magnavox Odyssey, na aliyeibuni ni mhandisi Ralph Baer. Nintendo, ambayo leo jina lake liko midomoni mwa watoto, ilianza mwaka 1889 katika mji wa Kyoto, Japani, na kazi yake ilikuwa kutengeneza karata. Mashine yao ya Famicom ilitoka mwaka 1983. Sony waliingia na PlayStation mwaka 1994, na Microsoft na Xbox mwaka 2001. Hadi leo makampuni haya matatu ndiyo yanayoshindana katika soko hili, na mashine atakazoonyeshwa ami huko Dubai aghalabu zitakuwa za mojawapo wao.

Sasa tuje kwenye umri. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwamba mtoto ambaye hajatimiza mwaka asiwekwe mbele ya kioo kabisa, na mwenye miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Kwa hivyo aliye na mtoto wa miaka mitatu asisumbuke, amnunulie mpira. Umri wa miaka sita, mtoto anapoanza kujua herufi na kuelewa maana ya zamu, ndio twaona yafaa kuanza, tena kwa kipimo.

Kisha tazama mkono wa mtoto. Hili watu hulisahau, nalo lina uzito kuliko yote anayoyasema muuzaji. Padi ya PlayStation 5 ina uzito wa kiasi cha gramu 280, nayo imefinyangwa kwa kiganja cha mtu mzima. Mtoto wa miaka sita akiishika, kidole gumba chake huifikia fimbo moja kwa taabu, na kuzisukuma fimbo mbili kwa pamoja huku akibonyeza vitufe vya nyuma hawezi. Baada ya nusu saa atalia, na baba atadhani mwanawe hana akili ya gemu, kumbe amepewa kiatu cha baba yake akaambiwa akimbie. Nintendo Switch, iliyotoka Machi 2017, ina padi mbili ndogo zinazochomoka pande zote mbili za kioo. Kila moja yaweza kushikwa kwa ubavu ikawa ni padi kamili ya mtoto mmoja. Maana yake ni kwamba mashine moja, bila ya kununua cha ziada, wacheza watoto wawili, na ugomvi wa ndugu hupungua nusu. Hatusemi kwamba hukoma.

Lakini hapa pana jambo, nasi twaomba lisomwe kwa makini. Iko Switch Lite, iliyotoka Septemba 2019. Ni nyepesi, kiasi cha gramu 275, na ilipotoka iliuzwa dola 199, ilhali ile ya kawaida ilitoka kwa dola 299. Jamaa zetu walioko nje wakiiona hudhani hiyo ndiyo ya watoto, wakaileta. Padi zake hazichomoki, na haiungiki na televisheni hata kwa hila. Mtoto huinamia kioo chake peke yake, leo barazani, kesho chumbani, kesho kutwa chini ya shuka, na mama hajui anacheza nini wala ameanza saa ngapi. Ile ya kawaida hukaa juu ya kitako chake kando ya televisheni ya sebuleni, na mchezo huonekana na kila apitaye, hata bibi anayetafuta miwani yake. Kwa mtoto wa kwanza na mashine ya kwanza, twaona tofauti hii yastahili zile dola mia zilizozidi. Asiye na uwezo nazo, basi na ichukuliwe ile ya kawaida iliyokwisha tumika kabla ya kuchukua Lite mpya. Lakini anunuapo iliyotumika azijaribu fimbo za padi dukani: zikisogeza kitu kiooni bila ya kuguswa, aziache. Kasoro hiyo yajulikana dunia nzima, na mwaka 2020 mkuu wa Nintendo aliomba radhi kwa ajili yake mbele ya wanahisa.

Wengine watauliza: Mbona usimwambie alete mpya kabisa, Switch 2? Hiyo ilitoka Juni 2025 na huko Marekani iliuzwa dola 449.99. Ni kubwa zaidi na nzito zaidi. Pamoja na padi zake hupita gramu 500, na ile ya kwanza haifiki sana 400. Tena baadhi ya kadi zake za michezo ndani hazina mchezo, zina ufunguo tu, na mchezo wenyewe hupakuliwa kwa intaneti. Mtoto wa miaka sita hana haja na hayo. Akikua, kadi za Switch ya kwanza nyingi sana zitachezeka katika hiyo ya pili, na mali haitapotea.

Ama PlayStation 5 na Xbox Series S, zote mbili zilizotoka Novemba 2020, ni mashine njema, na hatupendi kuzidhulumu. PlayStation 5 huja na mchezo ndani yake bila ya malipo, Astro's Playroom, nao ni mzuri kwa watoto. Lakini mingi katika michezo iliyotengenezewa mashine hizo ni ya vijana na watu wazima, na mtoto atakuwa akiishi katika nyumba ambayo vyumba vyake vingi vimefungwa. Xbox Series S haina hata pa kutia diski: kila mchezo hupakuliwa, na mchezo mmoja mkubwa hupita GB 50. Mwenye kununua bando la simu kila siku ajue anaingia katika nini. Tena kwetu pwani kuazimana ni desturi. Kadi ya Switch leo iko kwetu, kesho iko kwa mtoto wa khalati, na siku ya Idi yarudi. Mchezo uliopakuliwa hauazimwi kwa jirani.

Kadi zenyewe zina ukubwa wa stempu, na kwa kuwa mtoto mdogo hutia kila kitu kinywani, Nintendo walizipaka dawa chungu mno iitwayo denatonium benzoate ili azitapike mara moja. Mwandishi alijaribu kwa ncha ya ulimi na haimshauri mtu.

Ipo aina nyingine ya mashine, na hii haitoki Dubai. Iko madukani na barabarani kwetu. Ni kile kijisanduku kidogo kilichoandikwa kwamba kina michezo 400. Tulikinunua wakati mmoja kwa ajili ya binti yetu siku ya Idi, kwa mtu ambaye hatumtaji. Tuliketi naye tukaihesabu ile michezo: mingi ilikuwa ni ile ile iliyogeuzwa jina au rangi, na iliyobaki ni nakala za michezo ya Famicom ya zamani. Kasha halikuwa na alama yoyote ya umri, wala ndani hapakuwa na kufuli. Wiki ya tatu betri ikavimba kama sambusa. Ni haki tuseme kwamba binti yetu alikipenda sana, na kilipokufa alikizika chini ya mwarobaini uani; lakini betri iliyovimba ni moto unaongoja, nasi tukakifukua usiku tukakipeleka kwa fundi akitupe inavyopasa.

Tumetaja alama ya umri, na yafaa tuieleze. Marekani, baada ya Baraza la Seneti kuyasikiliza malalamiko juu ya michezo ya ukatili mwaka 1993, makampuni yalianzisha mwaka 1994 bodi ya ESRB, nayo hutumia herufi: E ni ya watu wote, E10+ ni kuanzia miaka kumi, T ni ya vijana, M ni kuanzia miaka kumi na saba. Ulaya wana PEGI tangu mwaka 2003, nao hutumia nambari: 3, 7, 12, 16 na 18. Alama iko kwenye kasha, upande wa mbele, pembeni chini. Kwa mtoto wa miaka sita tafuta 3, au E, na 7 ukiwa umeutazama mchezo mwenyewe kwanza. Huu ndio msomo mwepesi.

Msomo mgumu ni kwamba alama hiyo haisemi yote. Nambari hupimwa kwa damu, matusi, uchafu na vitisho. Mchezo wa FIFA 23, uliotoka mwaka 2022, ulipewa 3, na kwa haki, maana ni mpira mtupu. Lakini ndani yake mlikuwa na mahali pa kununua pakiti za wachezaji kwa fedha za kweli, na mwenye kununua aghalabu hakujua atamkuta nani mpaka ailipie na kuifungua. Huenda alimpata mchezaji hodari, na mara nyingi alimpata asiyemtaka, akanunua tena. PEGI tangu mwaka 2020 huandika kwenye kasha kwamba mna ununuzi wa namna hiyo, kwa maandishi madogo, na mzazi asiyejua kuyatafuta hayaoni. Huko Ubelgiji mwaka 2018 tume ya serikali inayosimamia kamari ilihukumu kwamba makasha ya bahati ya namna hii ni kamari, na mwanzo wa mwaka 2019 kampuni yenye mchezo huo ikaacha kuuza pointi zake katika nchi hiyo. Ikiwa watu wa Ubelgiji, ambao kamari kwao ina leseni, wamelitambua, sisi tuliousoma mlango huu chuoni hatuna udhuru wa kusema hatukujua. Kutoa mali kwa kitu kisichojulikana, kwa kutaraji bahati, kina jina lake, wala hakibadiliki kwa kuwa aliyetoa ni mtoto na aliyepokea ni picha ya mchezaji.

Na hata pasipo kubahatisha, fedha hutoka. Mwaka 2014 serikali ya Marekani ilikubaliana na Apple warudishe si chini ya dola milioni 32.5 kwa wazazi ambao watoto wao walinunua vitu ndani ya michezo bila ya idhini. Desemba 2022 ikatangazwa kwamba wenye mchezo wa Fortnite watalipa dola milioni 245 za kuwarudishia wachezaji, kwa kuwa vitufe viliwekwa namna ambayo mtu alinunua bila ya kukusudia. Hao ni wazazi wenye benki na mawakili karibu yao. Mzazi wa Mombasa au Malindi aliyekatwa shilingi elfu kumi usiku mmoja atamlilia nani? Basi dawa yake ni nyepesi: nambari ya kadi ya benki isiandikwe katika mashine kabisa. Nunua mchezo wa kadi, uutie, mtoto acheze. Mashine isiyojua mfuko wako uko wapi haiwezi kukuibia.

Kufuli nako kuko. Nintendo wana programu ya simu isiyolipiwa, ambayo mzazi huiunganisha na Switch, akaweka mwisho wa dakika za siku, akaweka umri wa michezo itakayofunguka, na jioni akaona ni nini kilichochezwa na kwa muda gani. Hulindwa kwa nambari ya siri, na hapo twaomba isiwe mwaka aliozaliwa mtoto, maana yeye ndiye wa kwanza atakayeujaribu. Mashine nyingine nazo zina kufuli za namna hii. La muhimu ni wakati wa kuziweka. Ami akifika, kasha lifunguliwe mtoto akiwa amelala. Baba na ami waiwashe, waipakulie masasisho yake, waweke kufuli, wajaribu mchezo mmoja, kisha wairudishe katika kasha. Mtoto akiikuta asubuhi na mipaka yake, ataiona ni sehemu ya mashine. Ukiiweka mipaka baada ya mwezi, ataiona ni adhabu.

Juu ya muda, wazazi wengi hukosea kwa kusema "dakika tano tena". Mtoto wa miaka sita hajui dakika tano ni nini, na kumzimia katikati ya mchezo ni kama kumpokonya mtu karata mkononi. Sema kwa kipimo cha mchezo wenyewe. Katika Mario Kart 8 Deluxe, ambayo ni ya alama ya 3, shindano moja huchukua kiasi cha dakika tatu. Mwambie "mashindano mawili, kisha wudhu", naye atakuelewa na aghalabu atatii. Mchezo huo tumeupendelea pia kwa sababu una usaidizi wa usukani: mtoto asiyejua kuendesha huzuiliwa asitumbukie nje ya njia, na anapofahamu, usaidizi huondolewa. Mchezo unaomfanya mtoto ashindwe mara thelathini siku ya kwanza haumfundishi subira; humfundisha kutupa padi.

Yabaki ya umeme na hewa yetu. Plagi ya Dubai ni ya meno matatu kama yetu, na chaja ya Switch imeandikwa volti 100 hadi 240, hivyo haina tabu. Mwenye kuletewa mashine ya zamani kutoka Marekani au Japani asome maandishi ya chaja kwanza: ikiwa ni ya 110 au 120 peke yake, itaungua siku hiyo hiyo. Kwa kuwa umeme wetu hukatika na kurudi kwa nguvu, ichomekwe katika kile kifaa cha kulinda friji. Isiwekwe ndani ya kabati la vioo lililofungwa, kwani hupumua kwa feni na joto la pwani laitosha. Wala karibu na dirisha la upande wa bahari, maana chumvi hula kila chuma. Ikikaa bila ya kuchezwa, kama mwezi wa Ramadhani, betri ichajiwe walau mara moja.

Kwa hayo yote, yule ndugu tulimwambia amwandikie ami yake hivi: alete Switch ya kawaida na kitako chake, si Lite, alete na kadi moja tu ya Mario Kart 8 Deluxe, ya pili ingojewe mpaka miezi sita ipite. Akauliza padi ya pili itakuwa ya nani, na mtoto hana ndugu. Tukamwambia ni yake yeye. Akacheka akasema hajawahi kushika kitu hicho. Tukamwambia mtoto atamwonyesha. Na ami aihifadhi risiti ya duka, kwa kuwa dhamana ya kitu kilichonunuliwa Dubai kwa kawaida hudaiwa huko huko Dubai.